Likizo ya uzazi ikiongezwa, si ndo mabosi watazidi kutukwepa?

Mama Pacha: Habari wadau, hili limenikaa kichwani. Kazini nilipokuwa zamani nilimkuta bosi ana faili mbili mezani, ya binti na ya kijana, elimu sawa, akaifunga ya binti akasema huyu kaolewa juzi tu, mwakani nitamlipa akiwa nyumbani na huku namlipa wa kushika nafasi yake. Mimi nilijifungua kwa upasuaji, wiki ya sita hata kuinama kuokota nguo ni shughuli, kwa hiyo likizo siichezei. Ila tukidai ndefu zaidi si tunawafungia mlango wadogo zetu?

Mdau wa Ajira: Pole dada. Mi naona urefu siyo tatizo, tatizo nani anailipa. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000 unataka wiki zisipungue 14 na malipo yasipungue theluthi mbili ya kipato, watu wengi wanaishia hapo, lakini humohumo imeandikwa malipo yatoke kwenye bima ya jamii au fedha za umma, mwajiri asibebeshwe peke yake. Yule bosi wako alikuwa anapiga hesabu ya mfukoni kwake. Mfuko wa bima ukichangiwa kwa wafanyakazi wote, wa kike na wa kiume, mshahara wa likizo haumuumi tena.

Kobe: Kweli, ila bado kuna wa kushika nafasi, hilo mfuko haulimalizi. Angalia Denmark, watafiti walifuatilia kipato cha wazazi, mtoto wa kwanza akizaliwa cha mama kinaporomoka na miaka mingi baadaye bado kiko chini kama asilimia 20, cha baba kinaendelea tu utadhani hajapata mtoto. Ndo maana Norway mwaka 1993 walitenga wiki 4 za baba, asipozichukua zinapotea, na kina baba wakaanza kuzichukua kweli. Bosi akijua hata kijana ataondoka, zile faili mbili zinakaribiana.

Nesi wa zamu: Jamani na afya msiisahau. Mtoto anatakiwa maziwa ya mama pekee miezi 6, wiki 14 hazifiki hata miezi minne. Nimepokea mama titi limevimba gumu kama jiwe, homa juu, kisa kazini hakuna pa kukamulia anakamua chooni kasimama, akalazwa, na hizo siku kampuni imemkosa vilevile. Mkataba huohuo unasema muda wa kunyonyesha uhesabiwe ni wa kazi na ulipwe.

Mama Pacha: Asanteni sana, nimepata mwanga. Sasa yule wa kibarua asiyechangia mfuko wowote?

Mdau wa Ajira: Mkataba unamtaja pia, asiyetimiza masharti ya bima alipwe kutoka fedha za misaada ya jamii, akipimwa uwezo wake. Hapo serikali lazima itie mkono mfukoni.