Picha za zamani za maduka ya Tukuyu na bonde la Kiwira, nianzie wapi?

KijanaWaTukuyu
Mugonile wakuu, naombeni mawazo. Baba mdogo alikuwa na studio ya picha hapa Tukuyu, alishatangulia mbele ya haki, na tulipokuwa tunapanga vitu vyake tukakuta maboksi ya viatu yamejaa negativu na picha nyeusi na nyeupe. Nyingi sio za pasipoti, inaonekana alikuwa akifunga studio anatoka na kamera anapiga mji na vijiji vya bondeni, maduka yenye mabaraza marefu na magunia ya kahawa mlangoni, mashine ya kusaga, lori limekwama kwenye tope, vijana wamesimama juu ya Daraja la Mungu, lile daraja la asili la mwamba kwenye mto Kiwira. Kuna moja siachi kuiangalia, fundi cherehani yuko barazani kainama, mtoto anamshikia kitambaa upande wa pili kisiburuzike chini, na juu yao ubao wa duka umekatwa na kamera zimebaki herufi chache tu.
Sasa familia imegawanyika, kuna wanaosema tuuze kwa wenye hoteli wakatundike ukutani, kuna wanaosema tuwagawie wenye sura zao. Mimi nataka kwanza nijue kila picha ni wapi na ni mwaka gani. Halafu ukungu umeshaanza, nifanyeje?

fundi_picha_Iringa
Pole na hongera mkuu, hiyo ni mali. La kwanza usizifute na maji wala kitambaa kibichi, na zilizoshikana usizibandue kwa nguvu, utang'oa sura ya mtu ibaki kwenye picha nyingine. Tukuyu kwa mwaka inapata mvua zaidi ya milimita 2,000, kwa hiyo adui yako ni unyevu, yatoe hayo maboksi sakafuni na usiyabananishe na ukuta. Negativu ziweke kwenye bahasha za karatasi, sio mifuko ya nailoni maana inafungia jasho ndani. Ukifungua boksi ukasikia harufu ya siki ujue filamu zenyewe zimeanza kuoza, hizo zitenge na ndio uanze nazo kuskani kabla ya zingine zote. Picha za karatasi skani kwa 600 dpi (nukta kwa kila inchi), negativu ndogo inataka 2400 au zaidi, na faili uhifadhi kwenye TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora, JPEG iwe ya kurushia watu tu. Na mpangilio wa baba mdogo usiuvuruge jamani, kama bahasha ina namba au tarehe piga picha bahasha yenyewe pia, negativu zilizo kwenye filamu moja mara nyingi ni za safari moja, ukiitambua moja umezipata zote. Laminesheni usithubutu.

MwalimuMstaafu
Kwenye miaka nitakusaidia. Tafuta bendera. Hata kama picha haina rangi, bendera ya Tanganyika ya 1961 mistari yake imelala, hii ya Tanzania iliyoanza 1964 mistari inakatiza kona kwa kona. Ofisi ya chama ikiwa na jembe na nyundo basi ni baada ya Februari 5, 1977 TANU na ASP zilipoungana kuwa CCM, ubao ukisema TANU ni kabla ya hapo. Maduka nayo yanasema, 1976 kulikuwa na Operesheni Maduka, ya watu binafsi mengi yakafungwa vijijini yakawekwa ya ushirika na ya kijiji, kwa hiyo ukikuta jengo lilelile kwenye picha mbili, moja lina jina la mtu na nyingine ubao wa kijiji, umeshapata kabla na baada. Hizo mbili usiziachanishe kabisa, wengi wa rika langu tulipanga foleni kwenye mabaraza hayo na vijana hawajui yalikuwaje.
Na mahali, tumia mlima. Ukiwa Tukuyu mjini, Mlima Rungwe uko kaskazini, ukiuona nyuma ya duka ujue mpiga picha alikuwa ameelekea huko, na kivuli kikiangukia kulia basi ilikuwa jioni. Nenda na nakala mkononi usimame mpaka mgongo wa mlima ukae sawa na paa kama kwenye picha.

Mama_Kiwira
Mwanangu, yote hayo mazuri ila wazee kwanza. Boma la Mjerumani litakuwepo na mwakani, ila bibi anayejua huyo fundi cherehani alikuwa nani anaweza asiwepo. Peleka nakala kubwa, macho yao hayaoni vidogo, na usiwaulize "huyu ni nani" ukanyamaza, waache wabishane wenyewe, kwenye ubishi ndio majina yanatoka. Uwe unarekodi na simu ukishawaomba ruhusa. Jina uandike nyuma kwa penseli laini, sio peni ya wino.
Original usimpe mtu hata akija na barua. Kwetu alikuja mmoja akasema anaandika historia, akaondoka na albamu ya harusi ya wazazi wangu, hadi leo hatujaiona. Na kuuza, hapana kwa kweli, akina mama waliopigwa picha wakiuza ndizi hawakuambiwa watatundikwa hotelini.

MwalimuMstaafu
Mama kanena. Niongeze tu, kama unataka za nyuma zaidi ulinganishe, tafuta mtandaoni picha za Walther Dobbertin aliyepiga Afrika Mashariki ya Wajerumani. Hapo Tukuyu palikuwa panaitwa Neu Langenburg, tafuta kwa jina hilo. Kuna na za wamisionari wa Moravian walioanzisha misheni ya Rungwe 1891. Ila utaona wao walipiga sana makanisa na maboma, mashine ya kusaga na fundi wa barazani hawakuwa na habari nao, ndio maana maboksi ya baba yako mdogo yana uzito.

KijanaWaTukuyu
Ndaga fijo wote. Maboksi nimeshayapandisha juu ya meza, na mawili kweli yananuka siki, naanza na hayo. Ya kuuza nimewasomea nyumbani maneno ya Mama Kiwira, wamekubali tusubiri. Jumamosi naenda Katumba na nakala kumi hivi, ya cherehani nimeikuza iwe ukubwa wa kalenda. Kama kuna mwenye mzee maeneo ya Masoko au Kiwira sokoni anayekumbuka maduka ya zamani, naomba aniambie nimpitie.