Ushauri: nataka kurekebisha kipande changu cha zamani cha okestra ya nyuzi, nianzie wapi?

Melodi_Kwanza:
Wakuu habari zenu. Naomba ushauri kwa wanaoandika muziki wa nota, hasa wa nyuzi. Nina kipande nilikiandika zamani nikiwa ndo kwanza najifunza, ni vayolini ya kwanza na ya pili, viola, selo na dabo besi basi, mwendo wa pole, tempo 60 (mapigo 60 kwa dakika), kipo kwenye ngazi ya F maina. Juzi nimekifungua tena kwenye MuseScore, ile programu ya kuandikia nota, nikakisikiliza chote na ile melodi bado inanikamata kabisa, sitaki ipotee. Shida ni vingine vyote vimelala. Vayolini ya kwanza anashika melodi mwanzo mwisho, wengine wameshika nota ndefu tu za kodi (nota kadhaa zinazolia pamoja), besi anamfuata selo nota kwa nota, na melodi inarudi mara nne na kila ikirudi ni ile ile. Halafu katikati kuna kilele, pale sauti inakuwa nzito lakini husikii chochote kinachoeleweka, nimepunguza volyumu nimeongeza wapi, iko vile vile.

Nirekebishe hiki hiki au nichukue melodi tu nianze kitu kipya? Kuna wapigaji wamekubali kukisoma nikimaliza, so nataka kiwe kinapigika na watu, sio na kompyuta tu.

Kalamu_Usiku:
Mi ningekiacha kama kilivyo mkuu. Kile ni ushahidi wa ulipokuwa, na ukianza kukichokonoa utajikuta miezi inaisha unabadilisha baa (vile vipande vya mapigo machache) moja moja. Chukua ulichojifunza uandike kingine.

NyuziNne:
Hapana @Kalamu_Usiku, hapo sikubaliani na wewe. Britten, mtunzi Mwingereza, mwaka 1934 alichukua vitu alivyoandika akiwa mtoto wa miaka 9 mpaka 12 akavipanga upya kwa ajili ya nyuzi, ikawa Simple Symphony, na mpaka leo okestra za vijana na za wakubwa zinaipiga. Vaughan Williams, Mwingereza mwingine, ile Fantasia yake iliyojengwa juu ya melodi ya mtunzi wa kale Tallis ilipigwa mara ya kwanza 1910, akairekebisha 1913, akairekebisha tena 1919, na yule hakuwa mwanafunzi. Kurudia kazi ni sehemu ya kazi yenyewe. Kama melodi bado inakukamata baada ya muda wote huo basi ina uhai, wewe iheshimu, uijengee nyumba inayoifaa.

Ila hifadhi faili la zamani pembeni kwanza, fanyia kazi kopi yenye jina jingine.

Sasa nikuulize, pale kwenye kilele umempa nani nota gani? Tuandikie kodi yenyewe.

Melodi_Kwanza:
Asante sana @NyuziNne. Pale kodi ni F maina. Besi ana F, selo wamegawanyika, wengine F ya chini wengine A flati iliyo juu yake hapo hapo, viola C na F, vayolini ya pili A flati, ya kwanza melodi juu. Wote kwa nguvu.

NyuziNne:
Tatizo ndo hilo hapo. F na A flati zimekaa karibu karibu kule chini kabisa kwenye selo, na besi anaongeza F nyingine oktava (F ile ile, hatua nane) chini yake, masikio hayawezi kutenganisha. Kule chini acha nafasi pana, oktava au nota ya tano, halafu ukipanda juu ndo uzibane. Hiyo A flati iondoe kwa selo kabisa maana vayolini ya pili tayari anayo na inatosha, selo wape F na C ya juu yake. Jaribu hilo tu kabla hujagusa kingine chochote, utasikia tofauti papo hapo bila kugusa volyumu.

Selo_Nzito:
Mi napiga selo so niseme upande wa mpigaji. Umesema uliandika ukiwa unajifunza, bila shaka uliandikia kwenye kinanda? Angalia mistari yako ya kuunganisha nota. Kwenye kinanda mstari mrefu unaonyesha sentensi ya melodi, kwetu unamaanisha upinde mmoja bila kugeuza. Ukiweka mstari juu ya baa 8 za mapigo manne kwa tempo 60 unaniambia nivute upinde mmoja sekunde 32, na kama ni kwa nguvu upinde umekwisha kabla hata ya baa ya tatu. Kompyuta haina mkono, itakupigia tu bila kulalamika. Sisi tutageuza popote tutakapoishiwa na kila mtu atageuza kivyake, sasa melodi inakatika mahali ambapo wewe hukutaka ikatike. Imba kila mstari kwa sauti huku mkono unavuta hewani, pale unapotaka kuvuta pumzi au kuongeza nguvu ndo geuza.

Halafu hii F maina. Inapigika, ila nyuzi zetu zilizo wazi, yaani zinazolia bila kubonyezwa kidole, kwenye kodi ya nyumbani (F, A flati, C) ni C tu ya viola na selo, vayolini na besi hawana hata moja. Ukihamia E maina, E na G ziko kwenye kodi ya nyumbani yenyewe, na A na D ziko kwenye skeli yake, chombo chote kinaitikia chenyewe. Nusu toni tu chini.

NyuziNne:
Kuhama naunga mkono ila sio E maina. @Melodi_Kwanza, selo wako wanashuka mpaka C ile ya chini kabisa?

Melodi_Kwanza:
Ndio, sehemu nyingi tu, kila inapokuja kodi ya nota ya tano ya skeli (C) kabla ya kurudi nyumbani. Na besi anafuata hapo hapo.

NyuziNne:
Basi ukienda E maina hiyo C inakuwa B na selo haina B hiyo, waya wake wa mwisho ni C. Itabidi uipandishe oktava na ule mshuko wa besi utavunjika pale pale ulipokuwa mzuri. Panda badala ya kushuka, nenda G maina. C inakuwa D, selo anayo vizuri, na G na D ziko wazi kwenye vyombo vyote vya okestra yako. Kilele cha melodi kiko wapi?

Na huyo besi mwangalie. Nota zake zinasikika oktava chini ya zilivyoandikwa, na besi ya nyuzi nne mwisho wake ni E. Hiyo C uliyompa hana, na hata D ya G maina hana, atapandisha oktava mwenyewe bila kukuuliza. Muandikie mstari wake, usimkopie wa selo.

Melodi_Kwanza:
Kilele ni A flati juu ya mistari, mstari mmoja wa ziada. Chini kabisa inafika B flati iliyo chini ya C ya kati.

Selo_Nzito:
Sawa, nakubali, G maina. Juu inakuwa B flati, vayolini anaifikia mkono ukiwa nafasi ya kwanza, chini inakuwa C ya kati. Hakuna atakayeteseka.

Na naomba kitu kimoja kwa niaba ya selo wote: mara ya pili melodi ikirudi tupe sisi, oktava chini. Sehemu kubwa itaangukia waya wa A na wa D, pale ndo selo inaimba kweli. Vayolini wa kwanza wanyamaze baa kadhaa, wa pili na viola wafume kitu chepesi juu yetu, besi pizikato (kudonoa waya kwa kidole bila upinde) mapigo ya kwanza tu. Melodi ni ile ile, hujabadilisha nota, ila msikilizaji anahisi amehama chumba.

Kalamu_Usiku:
Nimesoma yote na narudisha maneno yangu, kirekebishe. Naongeza hili: mara ya tatu viola wape mstari unaoimbika, sio kujaza nota iliyobaki kwenye kodi. Chukua pati (karatasi ya nota za chombo kimoja) ya viola peke yake uiimbe mwanzo mwisho. Ukichoka na wao watachoka.

Melodi_Kwanza:
Nimejaribu ile kodi ya kilele, nimetoa A flati kwa selo kama ulivyosema @NyuziNne, jamani imefunguka, melodi inasikika juu na sijaongeza nguvu popote! Nahamisha G maina leo hii hii, besi nitamnyamazisha mara ya kwanza yote aje kuingia na pizikato chini ya selo, halafu kwenye kilele arudi na upinde. Swali la mwisho: kutoka pizikato kurudi upinde nimpe muda gani?

Selo_Nzito:
Mpe pumziko la pigo moja angalau, kwa tempo 60 inatosha kabisa. Mawili kama anaingia kwa nguvu. Na pati ya viola ukiichapa iwe kwenye ufunguo wa alto, na kurasa zigeuke mahali penye pumziko. Ukishamaliza weka hapa tuisome.