Hizi nyumba za gharama nafuu ni nafuu kwa nani hasa?

Fundi Alumini: Wakuu habari za majukumu. Kila siku nasikia nyumba za gharama nafuu zimezinduliwa ila watu wa kipato changu siwaoni humo. Mi nimepanga chumba na sebule Mbagala, laki kwa mwezi, mwenye nyumba hataki mwezi mmoja mmoja, anataka miezi sita kwa mkupuo na dalali naye ale ya mwezi mmoja, yani mpaka uingize godoro ndani laki 7 imeshatoka. Sasa mtu ambaye mshahara wake haupiti benki anaingiaje kwenye hizo nyumba?

Kaka Mhasibu: Haingii. Piga hesabu mkuu, nyumba ya mil 50, mkopo wa miaka 15, riba 15%, rejesho linakuja kama laki 7 KILA MWEZI. Hiyo hiyo laki 7 unayojikamua nusu mwaka. Ukimaliza umelipa kama mil 126. Wanapunguza bei ya jengo, mkopo wanauacha vilevile.

Mtoto wa Kota: Magomeni Kota, zile nyumba za serikali hapa Dar, ndo somo lenyewe. Kaya 644 wapangaji, wakabomolewa, wakasambaa mitaani miaka, Magufuli akaja 2016 akasema zijengwe upya na wakae bure miaka mitano ndo wauziwe. Machi 2022 Samia akazindua. Maghorofa mazuri, sibishi. Lakini zamani ile kota ilikuwa ya kupanga, akitoka huyu anaingia mwingine wa hali ileile. Ikishauzwa imetoka, mwenye nayo kesho anampangisha yeyote amtakaye kwa bei ya mjini, na maskini anayekuja inabidi ajengewe upya kuanzia msingi. Hilo ndo halisemwi kwenye hotuba.

Otieno_254: Huku Kenya tunakatwa 1.5% ya mshahara ya kujenga hizo nyumba na mwajiri anaongeza 1.5 yake, sheria ya 2024. Zile za kijamii, za watu wa chini kabisa, ni za wale wanapata chini ya elfu 20 za Kenya kwa mwezi. Sawa, lakini muulize mtu wa Kibera kuhusu mradi wa Soweto East hapo Kibera, nyumba 822, baadhi ya waliopewa walizipangisha wakarudi kwa nyumba za mabati kwa sababu ile kodi ndio inalisha watoto. Na siwalaumu hata.

Fundi Alumini: Kwa hiyo dawa ni za kupanga tu? Kuna nchi wameweza kweli?

Mbongo Wien: Huku Austria wameweza. Jiji la Wien (Vienna) lina fleti kama 220,000 na linapangisha. Walianza miaka ya 1920, mwaka 1923 wakaweka kodi ya majengo, mwenye jumba la kifahari analipa mara nyingi zaidi ya mwenye chumba, hela ikaenda kujenga. Jengo moja kubwa, Karl-Marx-Hof, lilizinduliwa 1930 na fleti 1,382, mpaka leo watu wanapanga humo. Ila usije na begi ukidhani unapewa funguo, lazima uwe umekaa Wien miaka miwili ndo uombe, halafu foleni.

Dalali Mstaafu: Mnaenda mbali sana wazee. Dar hii imejengwa na watu wenyewe, tofali mia leo, mia mwezi wa nne. Serikali ingepima viwanja na kuvuta maji tu ingesaidia wengi kuliko maghorofa. Walijaribu ule mradi wa viwanja 20,000, ulianza 2002, Kibada, Tuangoma, Bunju huko, viwanja vikaishia kwa wenye hela, tena vingine vikakaa pori miaka. Ungekuwa wa malipo ya kidogo kidogo tungekuwa tunaongea mengine saa hizi. We fundi sikiliza, tafuta kipande huko Mbande, simamisha vyumba viwili, funga madirisha yako mwenyewe si ndo kazi yako, hamia.

Fundi Alumini: Nimekupata mzee. Kipande kinaanzia sh ngapi, na maji yamefika?

Dalali Mstaafu: Njoo PM. Maji ni kisima kwa sasa.

Kaka Mhasibu: Mstaafu gani huyu jamani 😂 fundi, kabla hujatoa hata mia nenda serikali ya mtaa kaulize hicho kipande ni cha nani.