Vilima vya mawe yaliyoungua mabondeni: je, vinafanana na vya Ntusi?

Mwalimu wa Sembabule
Ndugu zangu, mimi hufundisha historia, na kila mwaka huwapeleka wanafunzi Ntusi, hapa Uganda, kuona vile vilima viwili ambavyo wenyeji huviita dume na jike. Juzi nilisoma kwamba katika mabonde ya Ireland na Uingereza vimo vilima vya kale vyenye umbo la mwezi mwandamo, vilivyojaa makaa na mawe yaliyopasuka kwa moto. Je, ni jambo moja na hili letu? Na imekuwaje mafuriko yasivizoe?

Mkazi wa Katonga
Mwalimu, hayafanani. Vilima vya Ntusi ni majalala ya makazi: mna mifupa ya ng'ombe na vigae vya vyungu vya watu walioishi pale miaka mia kadhaa iliyopita. Vya Ireland vingi ni vya Zama za Bronzi, zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, na mifupa humo ni haba. Kando yake hukutwa hori lililochimbwa ardhini na kuzungushiwa mbao au mawe. Mawe yalipashwa moto mkali, yakatumbukizwa katika maji ya hori, na yale yaliyopasuka mno yakatupwa kando. Ndiyo yaliyorundikana hata yakawa kilima. Mwanaakiolojia M. J. O'Kelly alilijaribu jambo hilo katika miaka ya 1950 huko Ballyvourney, Ireland: maji ya lita zipatazo 450 yalichemka kwa muda wa nusu saa hivi, na paja la kondoo likaiva kwa saa 3 na dakika 40.

Kuhusu mafuriko, hayo mara nyingi ndiyo yaliyovihifadhi, kwa kuwa tope lilivifunika na ardhi iliyolowa, isiyopitisha hewa, ikazuia mbao za hori zisioze. Adui mkubwa ni jembe la trekta.

Mama Akiiki
Naomba kuongeza, Mwalimu, kwamba kupika nyama si maelezo pekee. Uhaba wa mifupa umewafanya wengine waseme palikuwa mahali pa kuogea kwa mvuke, ingawa udongo wenye asidi nao huimaliza mifupa. Mwaka 2007 wanaakiolojia wawili wa Galway, mji wa Ireland, walitengeneza pombe ya shayiri katika hori la namna hiyo. Sisi tuliokulia penye hori la mti la kukamulia ndizi hatuoni ajabu: hori moja hufanya kazi nyingi, na naamini hata yale ya kale hayakuwa na kazi moja tu.

Mwalimu wa Sembabule
Asante sana, Mama. Safari ijayo nitawaambia wanafunzi watazame kwanza kilichomo kilimani, mifupa au mawe, kabla hawajakitazama umbo.