Mafundi wa TV Dar: wanatengeneza au wanabadilisha bodi tu?

Mtoa mada
Nasema jamii yetu imepoteza hamu ya kujifunza na kubuni, na dalili ziko kwenye meza za mafundi kuanzia Kariakoo hadi Mbagala. TV ina sauti, picha hakuna. Fundi hajashika hata bisibisi, keshatamka: "Bodi imekufa." Alipaswa kwanza kumulika kioo kwa tochi gizani. Ukiona picha hafifu inacheza, bodi ya picha inafanya kazi. Zilizozima ni taa za nyuma ya kioo, zinazoimulika picha. Zimeungwa kwa mfululizo, ikikatika moja mstari wote unazima. Kipimo hicho ni cha dakika moja, lakini mteja anauziwa bodi asiyoihitaji. Tochi kila mtu anayo kwenye simu, kwa hiyo tusisingizie vifaa.

Fundi Mbagala
Mkuu, kwenye tochi nakuunga mkono. Kwenye ubunifu, hapana. Ukibadilisha taa moja tu, jirani zake huwa zinafuata muda si mrefu, kwa sababu zimeshachoka kwa joto na mkondo wa umeme ni uleule. Ndiyo maana mafundi wanapunguza mkondo. Karibu na aisii (chipu) inayoendesha taa kuna rezista (vikinza umeme) ndogo za kupimia mkondo, zimewekwa sambamba. Zikiwa tatu za thamani sawa, ukitoa moja mkondo unashuka kwa theluthi. Mwanga unafifia kidogo, joto linapungua, taa zinadumu. Wamefika hapo bila mchoro wa kiwanda. Huo kama si ubunifu, tuuite nini?

Mwalimu wa Karakana
Ni ubunifu, ila umesimama kwa mguu mmoja. Anayeng'oa rezista bila kupima hajui zilikuwa ngapi wala thamani zake. Zikiwa mbili sawa, mkondo unabaki nusu na mteja anarudi kulalamikia giza. Njia sahihi: pima volti kwenye rezista hizo TV ikiwa imewaka, gawanya kwa ukinzani wake wa jumla, upate mkondo. Andika. Toa moja, pima tena, andika tena. Ni kanuni ya Ohm, ipo kwenye fizikia ya sekondari. Kijana anayejifunza kazi anaambiwa "toa hii", haambiwi kwa nini. SIDO, shirika la viwanda vidogo, ipo tangu 1973, sheria ya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ni ya 1994, na sera ya elimu toleo la 2023 imeleta mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi sekondari. Kinachokosekana ni daftari la karakana, fundi akihama au akifa asiondoke na kila kitu.

Mama Gerezani
Mwalimu, daftari linakula muda, na mteja amesimama hapo anataka TV leo aone mechi. Fundi analipwa TV ikiwaka, kupima halipwi. Tozeni ada ya uchunguzi, hata mteja akighairi matengenezo. Mtaona vipimo vinaanza kuandikwa.

Mtoa mada
Ada naikubali, dada, kwa sharti kwamba mteja anapewa karatasi yenye vipimo. Ila mkondo wa amali hauwezi kumsubiri kijana aliye mezani leo. Kapasita kubwa (kihifadhi chaji) ya upande wa umeme wa volti 230 inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata plagi ikiwa imechomolewa. Huyo ameshaona mkubwa wake akishika bodi hiyo mara kumi bila kupigwa shoti, na hajaambiwa kwamba kila mara ilikuwa imepimwa kwanza.