Kupima mikoko delta ya Rufiji: tununue droni au tutumie picha za setilaiti?

Mkandaa: Habari wakuu. Tumepata fedha kidogo za utafiti wa mikoko delta ya Rufiji. Kikundi kimegawanyika, wengine wanataka droni, wengine wanasema setilaiti inatosha. Tunaamua wiki ijayo. Mnashauri nini?

PwaniData: Mkuu, hujasema mnatafuta nini. Miti iliyokatwa, mashamba ya mpunga, au kutenganisha aina za miti ya mikoko, kama mchu na mkoko wenyewe? Na eneo ni hekta ngapi? Delta nzima ina mikoko ya makumi ya maelfu ya hekta.

JichoLaAnga: Setilaiti. Picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, ni bure, pikseli (nukta moja ya picha) ni ya mita 10, na hupita kila baada ya siku tano. Landsat, setilaiti za Marekani, zimekuwa angani tangu 1972. Droni mtakayonunua leo haitawaonyesha kaskazini mwa delta palivyokuwa kabla ya mpunga.

Mlilana: Masika utapata picha za mawingu matupu. Anzeni na rada! Setilaiti ya rada ya Sentinel-1 hupenya mawingu usiku na mchana, nayo ni bure pia. Nashangaa watu wa hapa wanavyoisahau.

Nahodha_Kilwa: Rada haitakwambia huu mchu, ule msinzi. Ila kuhusu droni nisikilizeni. Mradi mmoja niliofanya nao kazi ulikodi kampuni ya kurusha. Walikuja wakati wa kusi, upepo mkali, matawi yanayumba. Programu ya kuunganisha picha hutafuta alama zinazofanana kati ya picha moja na nyingine; majani yakicheza haizipati, na juu ya maji ndiyo kabisa, jua linamulika tu. Ramani ikatoka na matobo. Mbaya zaidi, hawakuweka alama za ardhini zilizopimwa kwa GPS, kwa hiyo mto wa kwenye ramani ulikaa pembeni ya mto halisi. Tulipodai warudie, wakasema mkataba umekwisha. Fedha za mwaka mzima zikaishia hapo. Wanakijiji waliotuongoza kwa mitumbwi mpaka leo wananiuliza ramani iko wapi.

JichoLaAnga: Pole mkuu. Lakini hapo kosa ni la warushaji. Zanzibar walipiga picha visiwa kwa droni, kazi iliyoanza 2016, na wanafunzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, walishiriki.

Nahodha_Kilwa: Zile zilikuwa za mabawa, zinakaa hewani muda mrefu. Usilinganishe na hizi za panga nne ambazo betri huisha mapema. Na za mabawa zinahitaji uwanja wa kutua. Katikati ya mikoko utatua wapi?

PwaniData: Kuna jambo hamjaligusa: maji. Sentinel-2 hupita huku kwetu mnamo saa tano kasoro asubuhi. Siku za bamvua (mwezi mpevu na mwezi mwandamo) muda huo maji yamekupwa, tope na miche vinaonekana. Siku za maji mafu (nusu mwezi) yamejaa, na miche inafunikwa. Ukichanganya picha hizo utadhani msitu umepungua, kumbe ni maji tu. Shikeni kalenda ya mwezi kabla ya kushusha picha. Mkandaa, bado hujajibu eneo.

Mkandaa: Samahani, mtandao unasumbua. Ni vijiji viwili, maeneo yaliyopandwa upya. Tunataka kujua miche mingapi imeshika.

Mlilana: Aa! Sasa mche wa magotini utauonaje kwa pikseli ya mita 10?

JichoLaAnga: Ikishakua na matawi kufungana itaonekana. Kwa sasa tembeeni, hesabuni kwa mkono.

Nahodha_Kilwa: Kutembea kwenye tope lile umewahi wewe? Kodini droni, msinunue. Na vibali vimeshaombwa? TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga) na Wizara ya Ulinzi, kote kunahitajika.

Mkandaa: Vibali hatujaomba. Huchukua muda gani?

Mlilana: Inategemea. Hiyo picha itabaki kwa nani, kijiji au mfadhili? Andikeni kwenye mkataba kabla ya chochote.

PwaniData: Mkandaa, mlipanda mkoko au mchu? Na kwa safu au ovyo?