Ulinganisho: fomu ya mechi tano, mabao tarajiwa au macho? Njia ya kumchagua nahodha wa FPL

Mpiga Hesabu wa Tudor
Hamjambo wanajukwaa. Naomba tulinganishe njia tatu za kumchagua nahodha katika FPL, ule mchezo wa mtandaoni wa kuunda kikosi cha wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza na kuvuna pointi kwa wanayoyafanya uwanjani, kwa kuwa nahodha ndiye anayehesabiwa pointi mara mbili, na ndiye aliyeniangusha msimu uliopita. Katika ligi yetu ya mtaa niliongoza hadi Desemba, kisha nikashuka hadi nafasi ya 11. Juzi niliketi na daftari nikapitia raundi zote 38, nikaona kwamba karibu kila wiki nilimpa kitambaa cha unahodha mchezaji aliyekuwa amevuna pointi nyingi katika mechi tano zilizopita. Tena, ili nimpate, nilifanya uhamisho wa ziada mara 14, na kila mmoja ulinikata pointi 4. Hizo ni pointi 56 nilizozitoa kwa mkono wangu mwenyewe.

Njia ya kwanza, basi, ni hiyo ya fomu ya mechi tano. Ya pili ni mabao tarajiwa, yaani xG, ya mechi kumi au zaidi. Ya tatu ni kutazama mechi na kuyaamini macho. Ninyi mnatumia ipi, na mna ushahidi gani?

Mwalimu wa Changamwe
Ndugu Mpiga Hesabu, fomu ya mechi tano ndiyo dhaifu kuliko zote, na nitakuonyesha kwa hesabu. Mchukue mshambuliaji ambaye uwezo wake ni bao moja kila mechi mbili, na tuseme uwezo huo haupandi wala haushuki msimu mzima. Katika mechi tano tunamtarajia afunge mabao mawili na nusu. Ukitumia mgawanyo wa Poisson, kanuni ya uwezekano ambayo hufaa kwa matukio machache kama mabao, utakuta kwamba katika kila mifululizo 100 ya mechi tano, takriban 8 itapita bila yeye kufunga hata bao moja, na katika takriban 11 atafunga matano au zaidi. Mchezaji ni yuleyule. Sisi barazani tutasema leo kwamba amekwisha, mwezi ujao tutasema hakamatiki, na tutamuuza na kumnunua tena kwa sababu ya bahati tupu.

Mabao tarajiwa hupunguza tatizo hilo kwa sababu hupima uwezekano wa kila shuti kuwa bao: limepigwa kutoka wapi, kwa pembe gani, kwa mguu au kwa kichwa. Mashuti ni mengi kuliko mabao, kwa hiyo wastani wake hutulia mapema. Ila ziondoe penalti kwanza. Penalti moja hupewa thamani ya kati ya 0.75 na 0.80, na mchezaji aliyepiga mbili katika muda mfupi ataonekana hatari kuliko alivyo, hasa ikiwa mpigaji wa kawaida alikuwa majeruhi.

Nahodha wa Likoni
Mwalimu, hesabu yako naikubali, lakini macho nayo yana kazi ambayo jedwali haliifanyi. Jedwali la mechi kumi linazungumzia jana. Halikuambii kwamba kocha amemhamisha kiungo wako kutoka pembeni hadi nyuma ya mshambuliaji tangu Jumamosi iliyopita, wala kwamba beki wako anachechemea kila ifikapo dakika ya 55. Na dakika ni pointi: mchezaji anayefika dakika 60 hupata 2, asiyefika hupata 1, na beki aliyetolewa dakika ya 58 hukosa pointi 4 za kutofungwa bao hata kama lango halikuguswa.

Jambo jingine ni muda wa mwisho wa kubadilisha kikosi, ambao hufika dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi. Mechi ya mapema ya Jumamosi ikiwa ndiyo ya kwanza, mwezi Agosti mlango hufungwa kwetu Mombasa saa saba mchana. Waingereza wakirudisha saa nyuma mwishoni mwa Oktoba, hufungwa saa nane. Niliwahi kuwa ndani ya kivuko, nikiusubiri ukurasa ufunguke, na tulipotia gati upande wa kisiwani muda ulikuwa umepita na nahodha wangu alikuwa majeruhi. Tangu siku hiyo humchagua nahodha msaidizi kwa uangalifu uleule.

Mzee wa Bondeni
Vijana wangu, mimi sina kompyuta na bando langu ni dogo. Je, kwa daftari na kalamu nifuatilie nini?

Mwalimu wa Changamwe
Shikamoo Mzee. Safu mbili zinatosha: dakika alizocheza, na mabao tarajiwa bila penalti. Pembeni andika nafasi yake kikosini, kwa sababu bao la mshambuliaji ni pointi 4, la kiungo ni 5 na la beki ni 6. Msimu wa 2022/23 Haaland, mshambuliaji wa Manchester City, alifunga mabao 36 akamaliza na pointi 272. Salah wa Liverpool, akiwa amesajiliwa kama kiungo msimu wa 2017/18, alifunga 32 akamaliza na 303.

Bint Kizingo
Kaka zangu, na Mzee wetu, mimi nililifanyia jaribio suala hili. Kwa nusu msimu, raundi 19, niliandika kabla ya muda wa mwisho nahodha ambaye kila njia ingenipa, bila kufuta chochote baadaye. Nilitumia kalamu ya wino makusudi, kwa sababu kumbukumbu ya mtu hujipendelea: mtu hukumbuka kwamba "alijua" Jumapili usiku kile ambacho Ijumaa hakukijua.

Nilichogundua ni kwamba njia zote tatu zilikubaliana katika raundi 11. Haishangazi, maana katika msimu kama wa 2024/25, Salah alipofikisha pointi 344, kila njia ingekuelekeza kwake wiki nyingi. Kwa hiyo raundi za kulinganisha zilibaki 8 tu. Katika hizo mabao tarajiwa yaliishinda fomu kwa pointi chache, lakini hat-trick moja ingeweza kuyageuza matokeo yote, na siwezi kuuita huo ushahidi. Hoja ya Mwalimu naikubali kwa sababu ya hesabu yake, si kwa sababu ya daftari langu.

Ndugu Mpiga Hesabu, kosa lako kubwa naliona katika zile pointi 56. Ukimnunua mtu kwa pointi 4 ili awe nahodha wiki moja, lazima amzidi yule ambaye ungempa kitambaa kwa zaidi ya hizo 4, kwa hesabu ya mara mbili, kabla hujapata faida yoyote.

Mpiga Hesabu wa Tudor
Dada, sikuwahi kufikiria kuzitenga raundi ambazo njia zinatofautiana. Nimefungua ukurasa mpya wenye safu nne: fomu, mabao tarajiwa, macho, na nahodha niliyemchagua kweli. Nitaujaza kila Ijumaa usiku kwa raundi zote 38. Nahodha wa Likoni, safu ya macho naomba uijaze wewe. Unitumie jina moja kabla ya saa nne usiku.

Nahodha wa Likoni
Nitakutumia, pamoja na sababu yake kwa sentensi moja.